Dakika ya Rudolf Diesel, na jinsi tulivyoiua pikapu ya baba mdogo

Leo naomba tuache siasa kidogo. Nina deni. Deni lenyewe ni swali nililoulizwa na baba yangu mdogo kule Makambako, tukiwa tumesimama mbele ya injini iliyofunguliwa na kutandazwa juu ya turubai kama nyama ya buchani. Aliniuliza hivi: "Mwanangu, wewe umesoma. Hivi nani alikaa akatengeneza kitu kidogo namna hii, kisha akakiweka mahali pabaya namna ile?"

Sikuwa na jibu. Kibaya zaidi, spana iliyoleta balaa lile ilikuwa mkononi mwangu, siyo mwake. Kwa hiyo nikarudi Dar na aibu yangu, na kila nikipata muda nje ya kazi za gazeti nimekuwa nikisoma. Haya ndiyo niliyoyapata. Tuanze mbali, tutarudi Makambako.

Kitu chenyewe mafundi wetu wanakiita hita plagi, wengine glo plagi. Ni kijiti cha chuma kama kalamu fupi, kinafungwa kwenye silinda hedi ya injini ya dizeli, ncha yake ikiwa ndani kule mafuta yanakowakia. Ukiwasha swichi kinapata umeme wa betri na ncha inakuwa nyekundu kama kaa la moto. Usichanganye na plagi ya gari la petroli. Ile inatoa cheche muda wote gari linapotembea. Hii inasaidia kuwasha tu, na injini ikishapata joto lake haihitajiki tena.

Wakazi wa Dar mnaweza kuendesha dizeli miaka miwili hita plagi zote zikiwa zimekufa na msijue. Joto letu linatosha. Lakini nenda Njombe au Makambako mwezi wa saba, asubuhi ambayo nyasi zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda, halafu upige stata. Ndipo utajua kama unazo au huna.

Sasa jambo la ajabu. Mtu aliyebuni injini hii alitaka kitu kama hicho kisiwepo kabisa.

Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, wazo lake kubwa lilikuwa hili: hewa ukiibana sana inapata joto. Mnaopuliza baiskeli mnajua, pampu inakuwa ya moto mkononi. Sasa ukiibana kweli kweli, joto linapita nyuzi 500, na dizeli inahitaji nyuzi mia mbili na kitu tu kushika moto yenyewe. Hakuna cheche, hakuna kibiriti. Hataza yake ilitolewa Februari 1893, na tarehe 10 Agosti mwaka huohuo akajaribu mashine yake ya kwanza katika kiwanda cha mjini Augsburg. Mafuta yaliwaka kweli, tena kwa nguvu kiasi kwamba kifaa cha kupimia mgandamizo kilipasuka na vipande vikaruka karibu na watu waliokuwepo. Naam, hata mwenyewe alianza kwa kupasua kitu gereji!

Alirudi akaibadilisha. Tarehe 17 Februari 1894 injini ikazunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa mara ya kwanza, kwa muda wa dakika moja hivi. Hiyo dakika moja naomba muiweke akilini. Miaka mitatu baadaye, Februari 1897, wataalamu walipoipima rasmi walikuta inageuza asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, wakati ambapo injini za mvuke za kawaida zilikuwa mbali sana nyuma. Dunia ikamshangilia.

Lakini angalieni ukubwa wake. Ilikuwa na urefu wa mita 3, imesimama sakafuni kiwandani kama mnara. Injini kubwa inatunza joto. Ukiifanya iwe ndogo ya kuingia kwenye gari, hewa ile unayoibana inakuwa kidogo huku imezungukwa na chuma baridi pande zote, na chuma kinalinyonya joto kabla mafuta hayajafika. Ni kama kuchemsha kikombe kimoja cha chai kwenye sufuria ya ubwabwa wa harusi iliyolala nje. Moto ni uleule, lakini sufuria inaula wote.

Wakati huohuo Uingereza kulikuwa na njia nyingine. Herbert Akroyd Stuart alipata hataza mwaka 1890 ya injini yenye tufe la chuma kichwani, na kampuni ya Hornsby ya Grantham ikaanza kuziuza mwaka 1892. Hii haikutegemea mgandamizo mkubwa. Unachukua taa ya mafuta ya kupuliza moto, mfano wa stovu ya pampu, unalichoma lile tufe kwa nje kwa dakika kadhaa mpaka linakuwa la moto mkali, ndipo unazungusha gurudumu la injini. Likishika, joto lake lenyewe linaendelea kulitunza tufe.

Mrithi maarufu wa ukoo huo ni trekta la Kijerumani la Lanz Bulldog, lililotoka mwaka 1921. Kuna matoleo ambayo dereva aliwasha taa, akachoma, akasubiri, kisha akachomoa usukani, akauchomeka ubavuni mwa injini na kuuzungusha kwa mikono yake. Ukikosea kidogo injini inawaka ikizunguka kinyumenyume, unaingiza gia ya mbele trekta linarudi nyuma! Ilikuwa kazi ya hatari na ya kuchosha. Lakini kila kitu kilikuwa nje, hadharani. Moto unauona, chuma unakiona kinabadilika rangi, na ukiharakisha unajua kabisa kwamba umeharakisha.

Aliyeuingiza moto ule ndani ya injini za dizeli za magari, ukiniuliza mimi, ni Prosper L'Orange. Alikuwa mhandisi wa Benz mjini Mannheim, na mwaka 1909 aliweka hataza ya chumba kidogo cha awali. Mafuta hayamwagwi moja kwa moja juu ya pistoni, yanaingia kwanza kwenye kijichumba, yanaanza kuwaka humo, kisha moto unatoka kwa kasi kwenda silinda. Faida yake ilikuwa kubwa: mitambo mizito ya kusukuma mafuta kwa hewa iliyogandamizwa haikuhitajika tena, na dizeli ikaweza kuwa ndogo na nyepesi. Lori za dizeli za Benz zikafuata mwaka 1923, na mwaka 1927 Bosch wakaanza kutengeneza kwa wingi pampu za kusukuma mafuta.

Hasara yake? Kijichumba kile ni chuma kingi chenye hewa kidogo. Asubuhi ya baridi kinanyonya joto lote. Kwa hiyo ndani yake ikabidi kuwekwe mtu wa kuwasha jiko. Huyo mtu ndiye hita plagi, na katika miaka ya 1920 viwanda vya Ujerumani vikaanza kuziuza. Baba mdogo, jibu la kwanza hilo: imekaa mahali pabaya kwa sababu ndipo penye baridi.

Februari 1936, kwenye maonyesho ya magari ya Berlin, Mercedes-Benz wakaonyesha gari lao la 260 D, mojawapo ya magari ya kwanza ya abiria ya dizeli kutengenezwa kwa mfululizo. Injini ya lita 2.5 na ushee, nguvu za farasi 45. Mpaka mwaka 1940 yalitoka karibu 2,000, na mengi yalikwenda kwenye teksi. Dereva wa dizeli za enzi hizo alijifunza tabia moja mpya: unawasha hita, unakaa, unasubiri. Asubuhi ya baridi kungoja huko kuliweza kufika dakika nzima.

Wajerumani, ambao watu husema hawana utani, wakaipa dakika hiyo jina. Wakaiita dakika ya kumkumbuka Rudolf Diesel. Unajua sisi kwenye mikutano mwenyekiti anavyosema "tusimame dakika moja kuwakumbuka waliotutangulia"? Basi ndiyo hiyohiyo, umekaa kwenye gari kimya, mikono magotini. Na kweli alikuwa marehemu. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa kwenye meli akitoka Antwerp kwenda Uingereza, asubuhi chumba chake kikakutwa kitupu. Mwili ulionekana baharini siku kadhaa baadaye. Mtu ambaye injini yake ya kwanza ilizunguka dakika moja, akapewa dakika moja kila asubuhi na madereva ambao wengi hawakumjua.

Hapa sasa naomba umakini kidogo, maana ndipo tulipoharibikiwa.

Hita plagi za zamani zilikuwa na waya mnene uliojikunja, uko wazi, na zilifungwa kwa kufuatana kama taa za mti wa Krismasi. Umeme unapita ya kwanza, unakwenda ya pili, hivyohivyo mpaka ya mwisho. Moja ikikatika, zote zinazima. Ilikuwa kero, lakini kero iliyo wazi: kwenye dashibodi kulikuwa na kijiwaya cha alama kinachowaka pamoja nazo, kisipowaka unajua mnyororo umekatika mahali. Dereva mjanja aliiruka iliyokufa kwa kipande cha waya na safari ikaendelea. Bila shaka zilizobaki zilipata umeme mwingi kuliko kawaida yake na nazo zikafupishiwa maisha, lakini alifika. Waya ule mnene ulikuwa mzito wa kushika moto na mvumilivu. Ukiubonyezea nusu dakika au dakika nzima, ndiyo kazi uliyoumbiwa.

Tatizo ni kwamba watu hawapendi kusubiri. Kadiri dizeli zilivyoingia majumbani kwa watu wa kawaida, hasa miaka ya 1970, ikawa aibu mwenye petroli kuondoka wewe bado unamwombea marehemu. Viwanda vikaleta plagi za aina ya kijiti: waya mwembamba umefichwa ndani ya ala ya chuma, na kila plagi inapata umeme wake peke yake, moja ikifa nyingine zinaendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kusubiri kulikuwa kumeshuka mpaka sekunde chache.

Walipunguzaje? Mojawapo ya njia ni hii, na ni ya ujanja sana. Betri ni volti 12. Unatengeneza plagi ya volti 6, halafu unaipiga volti 12 kwa sekunde chache tu. Inalipuka kwa wekundu hapohapo. Kabla haijaungua, relei ya kwanza inakata, na relei ya pili inaendelea kuipa umeme mdogo kupitia rezista. Kwa hiyo usalama wa ile plagi haumo tena kwenye plagi yenyewe. Umehamia kwenye kisanduku kidogo kinachohesabu sekunde.

Sasa turudi Makambako.

Baba mdogo alijifunza ufundi miaka ya themanini akiwa utingo wa malori ya zamani. Hana cheti, lakini kijiji kizima kinamwita fundi. Pikapu yake ni ya Kijapani, ya miaka ya tisini, silinda nne, aliinunua ikiwa imeshatumika, na ndiyo iliyokuwa ikibeba viazi mviringo kutoka mashambani kwenda sokoni. Mwezi wa sita ikaanza kusumbua asubuhi. Akapima, akakuta umeme haufiki kwenye hita plagi. Akafanya kile alichokiona kikifanywa maisha yake yote: akavuta waya mnene kutoka betri, akaweka swichi ya kubonyeza chini ya dashibodi, ukaenda moja kwa moja. Asubuhi ya kwanza akabonyeza, akahesabu hadi thelathini, akapiga stata. Ikaitika mara moja! Watu wakampongeza.

Mimi nilifika likizo wiki tatu baadaye. Gari lilikuwa limerudia ugonjwa wake, tena zaidi, moshi mweupe na kutetemeka. Baba mdogo akasema tusubiri jioni likitoka sokoni, injini ikiwa ya moto, ndipo tuzifungue. Nasisitiza: alisema yeye. Mimi nilikuwa na basi la Dar kesho yake, nilikuwa nimesoma maelezo kwenye simu, nikaona jioni ni mbali. Nikamwambia shikamoo zote lakini hii ni kazi ya nusu saa. Saa moja na nusu asubuhi, chuma kikiwa baridi kama barafu, nikaanza.

Mbili zilitoka. Ya tatu ilizunguka lakini haikutoka, maana ncha ilikuwa imevimba kwa kuunguzwa na ule umeme wa sekunde thelathini, imekuwa nene kuliko tundu lililoipitisha. Nikaivuta kwa koleo. Ikatoka bila ncha. Ya nne ilikaza, nikaongeza bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu, ikasema "tak", nikabaki na kichwa chake mkononi huku kiwiliwili kimeziba tundu.

Hebu tazameni hesabu ambayo sikuijua siku ile. Nati ya tairi la gari dogo hukazwa kwa nyutonimita 100 hivi. Hita plagi yenye unene wa milimita 10 inakatika kwenye nyutonimita 35 hivi, na ile ya milimita 8 kwenye 20 tu. Watengenezaji wanashauri injini iwe ya moto, upulizie mafuta ya kulegeza kutu na kuyaachia muda, na ukifika kikomo hicho bila kufunguka, uache. Acha kabisa. Bomba langu la mita moja lilizidi kikomo hicho bila hata mimi kutoa jasho.

Tungeishia hapo ingekuwa nafuu. Tukafunga mpya tatu, ya nne tukaiacha na kizibo chake, tukalisukuma gari likashika. Ikasikika kak-kak-kak-kak. Ile ncha ilikuwa imetoka kwenye kijichumba cha L'Orange na kushuka juu ya pistoni. Baba mdogo alizima haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya jambo lolote. Hakusema neno. Akatoka, akafunga mlango taratibu, akakaa kwenye jiwe.

Fundi aliyekuja kufungua silinda hedi ndiye aliyegundua chanzo cha yote. Zile plagi zilikuwa nzima tangu mwanzo. Iliyokufa ni relei. Kitu cha kununua dukani na kuchomeka kwa mkono.

Pistoni, gasketi, kuchonga hedi, na msimu wa viazi ukaenda kwa wenye magari mengine. Baba mdogo aliuza miti yake ya paina ambayo haikuwa imekomaa, miti aliyoipanda kwa ajili ya ada ya chuo ya mdogo wangu. Mnunuzi wa miti michanga anajua una shida, na bei anakupangia yeye.

Kwa muda nilikuwa nikijifariji kwamba kosa lilianza kwa swichi yake, ya kienyeji, ya mtu asiyesoma. Baada ya kuisoma historia hii siwezi tena. Swichi ile na hesabu ile ya thelathini vilikuwa sahihi kabisa kwa plagi za waya mnene, vilikuwa elimu halali ya mashine iliyokuwepo. Mashine ikabadilika ndani, kwa nje ikabaki vilevile, na hakuna aliyepita Makambako kumwambia. Alichokosa ni taarifa. Mimi niliyekuwa na taarifa mfukoni nilikosa kitu kingine, nilikosa saa kumi za kusubiri mpaka jioni.

Na mashine haijaacha kubadilika. Dizeli nyingi mpya hazina kijichumba, plagi zake ni nyembamba zaidi, nyingine ni za volti 4.4 au 7, na kompyuta ndiyo inayouwasha na kuukata umeme mara nyingi kwa sekunde. Kuna za kauri ambazo ukiidondosha sakafuni unaambiwa usiifunge tena hata kama inaonekana nzima. Ile tabia ya fundi kuichukua plagi na kuigusisha kwenye betri ya volti 12 "tuone kama inawaka" inaiua nyingine palepale wakati wa kupimwa. Washikaji wenye magari hayo, kabla hujamkabidhi mtu spana, mwulize tu plagi zako ni volti ngapi. Asipojua, mtafute pamoja. Mara nyingi imeandikwa kwenye plagi yenyewe.

Nilimpigia simu juzi kumsomea majibu yangu. Akasikiliza mpaka kwenye ile dakika ya Wajerumani, akacheka sana. Kisha akaniambia pikapu sasa ina relei mpya na taa ya dashibodi inazima baada ya sekunde chache, lakini yeye bado anakaa kidogo kabla ya kupiga stata.

"Sasa unasubiri nini baba mdogo, na taa imeshazima?"

"Nakukumbuka wewe," akasema.

Nimeituma nusu ya ada. Nusu nyingine nitaituma mwisho wa mwezi.